Funmilayo Ransome-Kuti hakuwa "mama yake Fela" tu

Ukitaja jina la Funmilayo Ransome-Kuti, wengi hujibu, "Aa, mama yake Fela." Ni kweli alimzaa Fela Kuti, mwanamuziki. Lakini Fela alikuwa bado mtoto wa shule mama yake alipotikisa kiti cha mtawala wa Abeokuta, kusini-magharibi mwa Nigeria.

Dhana inayoniudhi zaidi ni ile ya kwamba haki za wanawake zilidaiwa na mabibi wasomi waliowaiga Wazungu. Msomi alikuwa, tena mwalimu aliyesomea Uingereza, na kikundi chake cha kwanza kilikuwa cha wanawake wenye nafasi kama yeye. Waliombadilisha ni wachuuzi wa sokoni. Alipoanza kuwafundisha kusoma na kuandika, wakamweleza yanayowakuta: mchele wao ulinyang'anywa sokoni, na walitozwa kodi tangu 1918 bila kuwa na kura wala mtu wa kuwasemea barazani. Msichana alianza kudaiwa akiwa na miaka 15, mvulana akiwa na 16!

Mwaka 1946 ukazaliwa Umoja wa Wanawake wa Abeokuta, na wachuuzi wale ndio waliokuwa nguvu yake. Funmilayo akaacha magauni ya Kizungu, akajifunga nguo za Kiyoruba kama wenzake. Mbele ya maofisa wa Kiingereza alisema Kiyoruba, wao watafute mkalimani. Mwishoni mwa 1947 maelfu ya wanawake walikesha nje ya jumba la Alake, mtawala wa jadi aliyesimamia kodi ile kwa niaba ya Waingereza. Walimwimbia nyimbo za kumkejeli. Kodi ya wanawake ikaondolewa, na mwanzoni mwa 1949 Alake Ademola wa Pili akalazimika kuachia kiti, ingawa alirudi mwaka uliofuata.

Wapo pia wanaoamini kuwa uhuru wa 1960 uliwapa wanawake wote wa Nigeria kura. Sivyo. Wa kusini walianza kupiga kura miaka ya 1950. Wa kaskazini walisubiri hadi 1976 ndipo wakaruhusiwa.

Februari 1977 askari walivamia nyumba ya Fela jijini Lagos, wakamtupa Funmilayo dirishani. Hakupona tena sawasawa. Alifariki tarehe 13 Aprili 1978, na uchaguzi mkuu ambao wanawake wa kaskazini nao walipiga kura ukafanyika 1979.