Meli huzuiwa bandarini. Nyumba je?

Meli ya mizigo ikishafunga kamba gatini, Dar es Salaam au Mombasa, mkaguzi anaweza kupanda bila kualikwa. Haendi kuangalia injini tu. Anafungua friza ya jikoni, anakagua vyumba vya kulala, anaomba daftari la saa za mapumziko na kulilinganisha na daftari la zamu: hapa mmeandika huyu alikuwa amelala, na hapa yuko kazini. Ipi kweli? Kisha anamvuta mpishi pembeni na kumuuliza mshahara wa mwisho aliupata lini. Majibu yakiwa mabaya kupita kiasi, meli haiondoki. Mwenye meli aliyekuwa hapokei simu miezi mitatu anapatikana ghafla, maana kila siku meli ikikaa pale inamla fedha.

Saa hiyohiyo, mitaa michache kutoka bandarini, dada wa kazi yuko jikoni tangu saa kumi na moja alfajiri. Chakula cha mchana atakila saa tisa, na katikati ya sahani atainuka mara mbili kwenda kufungua geti. Siku yake ya kupumzika ni ile ambayo nyumbani "hakuna kazi nyingi".

Baharia na dada wa kazi, wote wawili wana mkataba wao katika Shirika la Kazi Duniani (ILO). Wa baharia ulipitishwa Februari 2006 na kuanza kutumika Agosti 2013. Kenya iliuridhia 2014, Tanzania 2019. Wa mfanyakazi wa nyumbani ni Mkataba Na. 189, uliopitishwa Juni 2011. Barani Afrika, Mauritius iliuridhia 2012 na Afrika Kusini 2013. Ulipotimiza miaka kumi, 2021, hakuna hata nchi moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyokuwa imeuridhia, wala nchi ya Kiarabu ya Ghuba, ambako dada zetu wengi wanakwenda kutafuta riziki.

Kazi yangu ni kufundisha viwango hivi kwa viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, maofisa utumishi na waajiri. Swali linalonifuata kila ukumbi ni moja: nchi yetu imeridhia mikataba mingapi? Huwa nalijibu, halafu naongeza langu: mkataba ukivunjwa, nani ana uwezo wa kuzuia nini?

Tuanze na kuridhia kwenyewe, yaani nchi kukubali rasmi kufungwa na mkataba, maana hapo pana mkanganyiko. Kila Juni, Geneva, serikali, waajiri na wafanyakazi wa nchi wanachama hukaa mkutano mmoja na kupiga kura. Mkataba ukipata theluthi mbili, kila nchi mwanachama inatakiwa iupeleke mbele ya mamlaka ya kutunga sheria ndani ya miezi 12, au 18 ikiwa kuna sababu ya pekee. Kuupeleka bungeni si kuuridhia. Bunge linaweza kuupokea, likaujadili, na usiridhiwe. Ukiridhiwa, hati hupelekwa kwa Mkurugenzi Mkuu wa ILO, na baada ya mwaka mmoja nchi imefungwa nao. Kifungu usichokipenda huwezi kukiruka, labda mkataba wenyewe uwe umeacha mwanya.

Kwa Tanzania kuna fundo jingine. Bunge la Muungano ndilo linaloridhia, kwa Ibara ya 63 ya Katiba. Lakini masuala ya kazi si ya Muungano. Bara inatumia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, Zanzibar inatumia Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005 na ya mahusiano kazini Na. 1 ya mwaka huohuo. Saini moja, sheria za pande mbili, na maofisa kazi wa serikali mbili. Anayeandika taarifa ya utekelezaji kwenda Geneva lazima abishe hodi Dodoma na Unguja. Kenya njia ni fupi zaidi kwa maandishi: Katiba ya 2010, Ibara ya 2(6), inasema mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria za nchi.

Ule mwanya niliougusia unaonekana vizuri Sirari, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Mkataba Na. 138 unahusu umri wa chini wa kuajiriwa. Umeweka miaka 15, ila nchi ambayo uchumi na shule zake bado havijakua inaruhusiwa kuanza na 14. Kenya iliporidhia 1979 iliandikisha 16. Tanzania, 1998, iliandikisha 14. Burundi ikaandikisha 16 mwaka 2000, Uganda 14 mwaka 2003. Kwa hiyo kijana wa miaka 15 anayepanga soda dukani upande wa Sirari, akivuka barabara kwenda kufanya kazi ileile Isebania, upande wa Kenya, anakutana na kipimo kingine, na nchi zote mbili zimeuheshimu mkataba. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi zioanishe sera na sheria zao za kazi. Wafanyakazi wanavuka mpaka haraka kuliko sheria.

Idadi ya mikataba nayo inaweza kukupoteza. Na. 87, wa uhuru wa kujiunga na vyama, ni wa 1948. Tanzania iliuridhia 2000, Uganda 2005. Kenya haikuuridhia ilipojiunga na ILO mwaka 1964, na hata Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010 ilipotaja haki ya mgomo, ilikuwa bado haijauridhia. Sasa mwambie mtu wa Nairobi kwamba vyama vyao vya walimu na madaktari ni vipole. Isitoshe, tangu 1951 ILO ina Kamati ya Uhuru wa Kujumuika inayopokea malalamiko hata dhidi ya nchi ambayo haijaridhia. Kwa upande wa pili, Na. 182, dhidi ya aina mbaya zaidi za ajira ya watoto, uliridhiwa na wanachama wote wa ILO, wa mwisho akiwa Tonga, Agosti 2020. Na bado ukipita kwenye machimbo madogo ya dhahabu utawaona watoto wakisaga mawe.

Wazee wetu wa mkonge wangelielewa hili haraka. Wale manamba waliochukuliwa makwao kwenda kukata mkonge Tanga walikuwa na mikataba iliyotungwa Geneva kwa ajili yao: Na. 50 wa 1936 kuhusu kuandikisha vibarua wa makoloni, Na. 64 na 65 ya 1939 kuhusu mikataba yao ya kazi na adhabu za jinai kwa aliyeivunja. Hiyo yote ilifutwa rasmi Juni 2018. Iliishi karibu miaka 80, na mingi kati ya hiyo mkonge ulikuwa hauna tena manamba.

Nirudi kwenye geti. Mkataba Na. 81, wa ukaguzi wa kazi, Tanzania, Kenya na Uganda ziliuridhia tangu miaka ya 1960. Kifungu cha 12 kinampa mkaguzi haki ya kuingia mahali pa kazi bila taarifa, usiku au mchana. Ila uliandikwa kwa viwanda na biashara. Sebule ya mtu haimo. Na. 189 unajaribu kuziba pengo hilo: mkaguzi aingie nyumbani kwa masharti, huku faragha ya familia ikiheshimiwa. Unadai pia saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki, mfanyakazi akae na pasipoti yake mwenyewe, na anayevuka mpaka apewe mkataba wa maandishi kabla ya kuondoka kwao. Mambo ya kawaida kabisa. Siku moja niliwauliza viongozi wa vyama, watu wa kudai mikataba ya hali bora kila mwaka, nani kati yao ana mkataba wa maandishi na dada wa nyumbani kwake. Mikono miwili ilipanda. Mmoja ukashuka tena.

Je, nchi ambayo haijaridhia Na. 189 haiguswi? Inaguswa, ukijua mlango. Qatar ilikuwa imeridhia Na. 29, wa kazi ya kulazimishwa, na ule Na. 81. Wajumbe wa wafanyakazi walitumia mikataba hiyo miwili kuwasilisha malalamiko katika mkutano wa 2014. Shauri lilifungwa Novemba 2017 baada ya Qatar kukubali mpango wa mageuzi, na Machi 2021 ikaanza kutumia kima cha chini cha riyal 1,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wote, wa nyumbani wakiwamo. Mtu binafsi hawezi kufungua shauri la namna hiyo. Chama cha wafanyakazi kinaweza kupeleka madai dhidi ya nchi yoyote mwanachama kwa mkataba ambao nchi hiyo imeuridhia, hata kama chama chenyewe kiko Dar es Salaam na anayeteseka yuko ng'ambo. Ndiyo maana nawasihi dada wa kazi wajiunge na chama kabla ya safari. Wengi hukikumbuka pasipoti ikishafungiwa kabatini.

Kwa aliye Tanzania Bara, mlango wa karibu ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), inayoshughulikia migogoro ya kazi. Dada wa kazi anahudumiwa kama karani wa benki. Aliyeachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 za kupeleka shauri lake, madai mengine, kama mshahara usiolipwa, siku 60. Fomu inaitwa CMA F.1. Wengi hufika siku ya 50 au ya 70, kwa sababu mama mwenye nyumba alisema, "Subiri mwisho wa mwezi, mwanangu, nitakulipa zote."