Freddie Mercury si yule wa kwenye filamu

Bohemian Rhapsody, filamu ya maisha ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, ilipotoka mwaka 2018 niliisubiri kwa hamu, nikatoka na uchungu. Hadi leo nikimtaja Freddie Mercury, watu hunisimulia filamu ile kana kwamba ndiyo maisha yake.

Dhana: Queen walikuwa wametengana, wakapatana kwa ajili ya Live Aid, tamasha la hisani la 1985.

Hawakuwa wametengana. Albamu yao ya The Works ilitoka 1984, Januari 1985 walipiga Rio de Janeiro, na Mei walimaliza ziara yao Japani. Live Aid ilikuwa Julai 13. Bendi iliyopanda jukwaani katika uwanja wa Wembley, London, ilikuwa imeiva kwa kazi, ndiyo maana zile dakika 20 hivi zilinoga vile.

Dhana: Freddie aliwasaliti wenzake kwa kutoa albamu peke yake.

Wenzake wa Queen walimtangulia: Roger Taylor alitoa yake 1981, Brian May akafuata 1983. Ya Freddie ilitoka 1985. Wa mwisho ndiye aliyebebeshwa lawama!

Dhana: Aliimba Wembley akijua ana virusi vya Ukimwi.

Hapa ndipo filamu iliponiumiza. Wamo chumba cha mazoezi, anawaambia wenzake, wanakumbatiana. Nami nililia. Kisha nikakumbuka tarehe. Jim Hutton, mwenza wake hadi mwisho, ameeleza kwamba Freddie alipata majibu 1987. Filamu imeurudisha ugonjwa wake nyuma miaka miwili ili tamasha litie simanzi, tena ikaupanga baada ya ulevi na ugomvi, uonekane kama adhabu. Freddie alifariki Novemba 24, 1991, siku moja tu baada ya kuutangazia ulimwengu hali yake. Alichagua mwenyewe lini aseme na nani ajue. Filamu imemnyang'anya hilo.

Dhana: Filamu ya maisha lazima itiwe chumvi.

Sawa, lakini chumvi zinatofautiana. We Will Rock You, wimbo wa Queen, ni ya 1977. Filamu inaiweka 1980, Freddie ana masharubu ambayo wakati ule hakuwa nayo. Hilo linamkera shabiki, halimchafui mtu.

Dhana: Oscar 4 zinatosha kuthibitisha ubora wake.

Moja ilikwenda kwa Rami Malek, aliyeigiza kama Freddie, na alistahili. Nyingine zilikuwa za uhariri na sauti. Uandishi wa hadithi haukuteuliwa hata kuwania.

Dhana: May na Taylor walishiriki kuitengeneza, basi ni kweli.

Walishiriki, naam. Lakini mwenye maisha yake alikuwa marehemu kwa miaka 27, hana pa kujibia.

Na Zanzibar je? Freddie, kwa jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, alizaliwa huko Septemba 5, 1946, akasoma bweni Panchgani, India, alikoanzia bendi yake ya kwanza, kisha familia ikahamia Uingereza 1964. Filamu inamkuta London mwaka 1970, kijana mzima. Yote ya kabla ya hapo yamepewa maneno machache mezani kwa wazazi wake.