Ni taarifa, si kibali

Sokoni Mwanga, Kigoma, mafuta ya kula yakipanda bei utasikia: “Tungeandamana, ila polisi hawatatupa kibali.” Hapo kwenye kibali ndipo penye kosa. Sharti hilo lilitenguliwa na Mahakama Kuu, Dodoma, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, miaka ya 1990. Sheria ya Jeshi la Polisi, kifungu cha 43, inadai taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo, saa 48 kabla. Ukishaitoa, unaendelea, isipokuwa upokee amri ya kuzuia. Na amri hizo hazina uchache, tusidanganyane! Ikija, rufaa huenda kwa waziri. Ukiipuuza, mkusanyiko unakuwa haramu.