Mchanga wa Jangwani

Mtu akisikia kazi yangu ni kupanga mazingira katika taasisi ya umma ya kudhibiti mafuriko, huniuliza ukuta utajengwa lini. Namwelewa. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na aliyelala juu ya bati akisubiri mtumbwi hana hamu ya kusikia habari za miti. Lakini siku zangu nyingi kazini hupita nikifuatilia mchanga.

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, na baada ya kilomita kama 35 unaingia baharini penye Daraja la Salenda. Huko juu maji yana kasi. Yanakula kingo na kuzoa udongo wa viwanja vilivyofyekwa. Yakifika Jangwani, bonde lililo katikati ya jiji, yanakuta tambarare, yanapunguza mwendo na kutua mzigo. Na bahari ina zamu yake. Masika ikiangukia siku za bamvua, bahari inapojaa kuliko kawaida, maji ya chumvi hujaa mlangoni mwa mto na mto ukakosa pa kutokea. Maji yakisimama, mchanga unazama. Hivyo ndivyo sakafu ya mto inavyopanda msimu baada ya msimu, hadi mvua ambayo zamani ingepita chini ya Barabara ya Morogoro inapita juu yake.

Kiangazi kimoja tulichimba shimo ukingoni, kina cha kiuno. Ubavuni mwake tabaka zilijipanga: mchanga mweupe, utando wa tope jeusi, mchanga tena. Karibu na sakafu ya shimo ilitokeza pakiti ya biskuti. Niliisugua kwa kidole, tarehe ya mwisho wa matumizi ikasomeka: miaka minne iliyokuwa imepita. Pakiti haiwezi kuzikwa kabla haijatengenezwa, kwa hiyo kila chembe iliyoifunika ilikuwa ngeni pale. Nimesoma ripoti nyingi za bonde hili, na hakuna iliyonishtua kama pakiti ile.

Basi tuuzoe mchanga? Ndiyo, tunauzoa, lakini ukirundikwa ukingoni, mvua ya kwanza inaurudisha. Kwenye Tathmini ya Athari kwa Mazingira, swali ninalolikazania kuliko yote ni hilo: malori yatamwaga wapi? Si kwenye mikoko ya mlangoni. Mchu, aina ya mkoko, hupumua kwa vimizizi vinavyochomoza kwenye tope. Ukivifukia, mti unakufa umesimama, na tope uliloshikilia linaondoka.

Kuna vijana wanaochimba mchanga wa kujengea. Wengi wanataka wafukuzwe wote, mimi sikubaliani. Anayechota katikati, palipojaa, anatusaidia kazi. Anayekata ukingo ndiye anayeangusha nyumba, na udongo wa ukingo huo tutaukuta Jangwani mwakani. Waonyeshwe pa kuchimba, kwa vigingi vya rangi, na wasimamiwe kweli.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Kwenye ramani ni mstari tu. Kwa miguu, mstari huo unapita kwenye jiko la mtu, kwenye choo, kwenye duka la mkaa. Bibi mmoja bondeni nilimwamkia, akanikaribisha ndani. Kuingia kwake unashuka.

“Mwanangu,” akaniambia, “hii nyumba nilikuwa napanda ngazi tatu. Sijahama, ngazi ndiyo imehama.”

Nilipima kutoka ua hadi sakafu yake na kuandika, kwa sababu yeye ndiye kipimo cha miaka mingi ambacho ofisi haina. Kisha akaniuliza watahamishiwa wapi. Baada ya mafuriko ya 2011 kuna waliopewa viwanja Mabwepande, mbali na masoko waliyokuwa wakiuza. Baadhi walirudi bondeni. Nilimwambia ukweli: mahali pa kuhamia sipangi mimi, ila ripoti yangu haitapita kwa mkono wangu ikiwa ukurasa huo ni mtupu.

Ngazi zake zimo kwenye ripoti, jedwali la kwanza. Kabla ya vuli narudi kupima tena sakafu ya mto, kuanzia daraja la Jangwani kupanda hadi Kigogo, na nimeomba mmoja wa wale vijana wa mchanga atushikie fito, maana anajua panapodidimia.