Jointi si gundi

Mashine ya kwanza niliyomchorea kwenye kompyuta fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, ilikuwa ya kukamua miwa: rola mbili, gia mbili, fremu ya engo na mkono wa kuzungushia. Kwenye skrini ilipendeza kweli. Fundi alipomaliza kuchomelea akanipigia: "Injinia, huu mkono haumalizi mzunguko. Unagonga sinia."

Nikaenda na futi yangu. Mkono, milimita 300 kutoka katikati ya shafti. Ukingo wa sinia ya juisi, milimita 280. Fundi hakusema neno. Alichukua grinda akaikata sinia, mimi nikatoa hela ya soda.

Kosa halikuwa la vipimo peke yake. Modeli nzima nilikuwa nimeiunga kwa aina moja tu ya jointi, yaani kiungo cha vipande ndani ya programu ya kuchorea: ile ya kukaza, kila kipande kimeganda kwa mwenzake. Mkono ulisimama wima kwenye mchoro, haukuwahi kuzunguka hata mara moja, kwa hiyo haukupata nafasi ya kugonga kitu.

Jointi hueleza mwendo uliobaki kwa kipande. Kipande kinachoelea hewani kina uhuru sita: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, halafu kuzunguka kwenye kila mmoja wa mihimili hiyo mitatu. Kila jointi inanyang'anya baadhi. Bawaba ya mlango inanyang'anya tano, inaacha kuzunguka tu. Droo nayo inabaki na mmoja, wa kuteleza. Fimbo ya pampu ya baiskeli ina miwili, maana inateleza na ukitaka unaizungusha. Kitabu juu ya meza laini kina mitatu, na nyonga yako pia ina mitatu ingawa yote ni ya kuzunguka. Jointi ya kukaza haiachi kitu. Kwa hiyo kabla sijagusa menyu najiuliza: fundi akishamaliza kazi, hiki kipande ataweza kukisogeza vipi kwa mkono wake?

Anza na fremu, uifunge chini isisogee. Usipofanya hivyo utavuta mkono na mashine nzima itatembea. Na kwa wanaotumia programu ya Fusion, jointi zinaunga komponenti (kipande kamili kinachojitegemea), haziungi bodi (umbo lililomo ndani ya komponenti). Nimeona vijana wakihangaika saa nzima wanabofya bodi mbili zilizomo ndani ya komponenti moja. Humohumo, kipande unachokichagua kwanza ndicho kinachokwenda kwa cha pili. Kama vipande vimeshachorwa mahali pake, ipo jointi ya kuviunga vilivyo bila kuvihamisha. Mimi huitumia mara nyingi kuliko ile nyingine.

Sasa mtego wenyewe. Shafti ya rola inakaa kwenye beringi mbili, huku na huku. Kila mtu anaweka jointi ya kuzunguka kwenye beringi ya kushoto, halafu nyingine ya kulia, kwa sababu ndivyo mashine ilivyo. Piga hesabu: uhuru 6, toa 5, toa tena 5, unapata hasi 4. Kwa hesabu hiyo shafti isingezunguka kabisa, lakini inazunguka, kwa kuwa mihimili ya jointi hizo mbili imelala kwenye mstari mmoja barabara. Ikipishana hata kidogo baada ya kubadilisha kipimo, programu inalalamika au jointi moja inageuka nyekundu, nawe unatafuta kosa mahali ambapo halipo. Weka jointi ya kuzunguka upande mmoja tu. Beringi ya pili ikaze kwenye fremu, shafti ipite katikati yake bila kuambiwa kitu. Kwenye chuma hesabu hiyohiyo inadai haki yake: geti lenye bawaba tatu zisizonyooka utalisikia likilia mtaa mzima. Ndiyo maana pia kwenye shafti ndefu beringi moja hushikwa isisogee na ya pili huachiwa iteleze kidogo shafti inapopata moto na kurefuka.

Mahali pa kubofya pia pana maana. Bofya katikati ya tundu la beringi, usibofye ncha ya shafti. Urefu wa shafti utabadilika mara tatu kabla ya kazi kuanza, na kila ukibadilika rola itahama nayo.

Gia zinakuja mwisho, baada ya kila rola kuwa na jointi yake ya kuzunguka. Kinachofanyika ni kuifunga mizunguko miwili pamoja. Zangu zilikuwa na meno sawa, basi mzunguko mmoja kwa mmoja, kwa mwelekeo wa kinyume. Ukisahau kinyume, rola zote zitazunguka upande mmoja na muwa hautaingia.

FreeCAD, programu nyingine ya kuchorea, ilipofika toleo la 1.0, Novemba 2024, ilikuja na sehemu yake yenyewe ya kuunganisha vipande, zikiwemo jointi za gia na mkanda, bila malipo. Kwa karakana isiyo na bajeti ya leseni, hiyo inatosha kabisa kwa mashine ya miwa.

Siku hizi, kabla ya kutuma mchoro Gerezani, nashika mkono kwa mausi nauzungusha duara zima, taratibu, huku macho yangu yakiwa kwenye sinia.