Je, wajua askari wa kawaida wa Kusini mwa Marekani anatafutwa kwenye makaratasi ya adui yake?

Vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani vilipigwa 1861 mpaka 1865, majimbo ya Kusini yalitaka kujitenga ili yaendelee kumiliki watumwa, yakapigwa na majimbo ya Kaskazini, na serikali yao ikafa kabisa. Sasa mtu leo akitaka kujua babu wa babu yake, askari wa kawaida tu wa huko Kusini, alipigana wapi, aliugua lini au kama alitoroka, anaenda kumuuliza nani wakati jeshi lenyewe halipo?

Anaenda Washington, kwa walioshinda. Richmond, mji mkuu wa Kusini, ulipoachwa Aprili 1865 makaratasi mengi yaliungua, ila mengine yalishasafirishwa mpaka Charlotte, North Carolina, na Jenerali Samuel Cooper, ambaye ndiye alisimamia kumbukumbu za jeshi, akayakabidhi kwa Wakaskazini badala ya kuyatia kiberiti. Na msidhani yalitunzwa kwa mapenzi, serikali ilikuwa inatafuta ushahidi dhidi ya vigogo wa Kusini!

Kuanzia 1903 ndo makarani wa Wizara ya Vita wakaanza kazi ya kichaa: kila jina la askari lilipotokea kwenye rejista, iwe ya kikosi, ya hospitali au ya gereza, wananakili kwenye kadi, halafu kadi zote za mtu zinawekwa bahasha moja. Shida ni kwamba bahasha zimepangwa kwa jimbo na rejimenti, yaani kikosi alichopigania, kwahiyo aliyehama rejimenti anaweza kuwa na bahasha mbili, na majina yaliandikwa vile karani alivyosikia, wengine wana herufi za mwanzo tu, so ukitafuta kwa tahajia moja umekwama.

Ndani utakuta alikuwepo au hayupo, anaumwa, alilipwa lini mara ya mwisho. Lakini utamu uko kwa waliotekwa. Kambi za mateka za Kaskazini kama Point Lookout na Elmira ziliandika alikamatwa wapi na lini, na mateka akila kiapo cha utii ili aachiwe, karani anaandika mpaka urefu wake, rangi ya macho na nywele. Yaani kwa wengi wasiokuwa na picha, sura yao tunaijua kwa sababu adui aliwakagua.

Rejista nyingi za mwisho wa vita hazipo, kwahiyo kadi zikiishia 1864 usikimbilie kusema alikufa au alitoroka. Jaribu pensheni. Hiyo Washington haikuwalipa, walilipwa na majimbo, tena jimbo alilokuwa anaishi wakati wa kuomba. Mtu alipigania Georgia akahamia Texas uzeeni, faili lake litafute Texas, na la mjane wake pia.