Makofi hayapimi usikivu wa maiki

Mpe mtu kinasa sauti kipya, naye atapiga makofi mbele yake huku akitazama mita ya sauti ikiruka. "Maiki kali hii!" Makofi huyasikia hata maiki hafifu. Tena kama kinasa kinajirekebisha sauti chenyewe, hupandisha iliyo ndogo na kubana iliyo kubwa mpaka vinasa vyote vionekane sawa. Zima hilo kwanza, na kichujio kinachokata besi pia.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba maiki yenye sauti kubwa ndiyo inayonasa vitu vidogo. Sivyo. Usikivu ni kiasi cha umeme ambao maiki hutoa ikipigwa na sauti ya nguvu fulani. Kwa kawaida hupimwa kwa mlio wa hezi 1,000 wenye shinikizo la paskali 1, yaani desibeli 94, na jibu huandikwa kwa milivolti au kwa desibeli. Kinachozamisha sauti ndogo ni kitu kingine: mvumo (ile "shhhh" ya chini) wa maiki yenyewe, pamoja na wa saketi inayokuza sauti ndani ya kinasa.

Niliwahi kuweka vinasa viwili bega kwa bega usiku, saa ya mezani ikiwa hatua mbili mbele. Kimoja kilitoa tiki-tiki kubwa, nikakipa ushindi papo hapo. Kesho yake nikazisawazisha rekodi kwenye kompyuta hadi tiki zikalingana, nikavaa hedifoni. Mshindi wangu alikuwa na "shhhh" nzito nyuma ya kila tiki. Kwa yule mwingine nilisikia hadi friji ya chumba cha pili.

"Basi ongeza geini." Geini, yaani kiasi ambacho kinasa hukuza sauti inayotoka kwenye maiki, hukuza sauti na mvumo kwa pamoja. Ikiwa chini mno, kuipandisha husaidia kidogo. Ukishavuka hapo, unachoongeza ni ukubwa tu. Sogeza kinasa: mahali pa wazi, ukipunguza umbali kwa nusu unapata desibeli kama 6 bila mvumo wowote wa ziada.

Kurekodi kwa biti 32 za aina ya "float" nako hakuipi maiki masikio mapya. Huokoa sauti isipasuke kwenye faili, basi, na hata hapo mradi maiki na saketi yake hazijazidiwa.

Halafu kuna wanaosoma usikivu wa desibeli −42 kwenye karatasi ya vipimo wakadhani inaishinda −36. Iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye usikivu zaidi, na hizo desibeli 6 ni umeme karibu mara mbili.

Ukitaka kuusikia mvumo wenyewe, funika kinasa katikati ya nguo kabatini usiku, urekodi dakika moja kwa geini unayotumia kila siku. Ila kama kazi yako ni kurekodi jukwaani karibu na spika, usijisumbue: huko mvumo hausikiki, na maiki yenye usikivu mkubwa ndiyo itakayokupasulia sauti.